Ushauri: Chanjo ya mafua iliniumiza bega, na faili la daktari limeandika “siku tatu”

Washauri wetu, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Columbus, Ohio, na nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Kiingereza changu ni cha kazini tu. Mambo ya hospitali nayasema kwa Kiswahili.

Ijumaa tarehe 4 Oktoba 2024, saa kumi jioni, nilichomwa chanjo ya mafua kwenye duka la dawa, mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nimekaa, mchomaji amesimama. Mkono wa blauzi ulikuwa unabana, kwa hiyo nilivuta ukosi chini bega likatokeza, naye akachoma juu kabisa, karibu na mfupa. Usiku uleule lilianza kuuma hata nikamtumia dada yangu sauti ya WhatsApp nikilalamika. Jumapili nikashindwa kunyanyua mkono kujichana nywele.

Nilidhani yatapita. Novemba nilikwenda kliniki kwa ajili ya presha na sikusema chochote kuhusu bega. Desemba ndipo nilipomweleza daktari, kwa mkalimani wa simu, kwamba “siku ya tatu mkono haukunyanyuka”. Juzi nimechukua faili langu, nakuta wameandika: maumivu ya mkono wa kushoto, yalianza siku tatu baada ya chanjo. Mtaalamu wa mifupa, Januari 2025, yeye aliandika kwamba bega linauma tangu siku ya chanjo. Picha ya MRI ya Februari ilionyesha uvimbe kwenye kifuko cha bega na kano iliyochanika kidogo. Nikachomwa steroidi, nikafanya mazoezi ya viungo mara 11 hadi mwisho wa Machi, bima ikagoma kulipia zaidi. Nilirudi kwa daktari Septemba 2025. Hadi sasa, Februari 2026, siwezi kulalia upande ule, na kazini kumgeuza mgonjwa kitandani ni mateso. Sukari yangu pia iko juu kidogo, ingawa sijaambiwa ni kisukari.

Nasikia kuna fidia. Je, ninastahili, na mimi si raia, nina kadi ya ukaazi tu? Je, hayo maneno “siku tatu” yameniharibia? Kuna mtu anasema atanisimamia kwa theluthi ya fedha. Shemeji anasema tulishtaki lile duka. Na mume wangu alichomwa chanjo ya KOVIDI siku ileile, naye bega linamsumbua. Tunaweza kwenda pamoja?

Mwenye Bega, Columbus

*

Dada, pole sana. Unastahili kudai, muda bado upo, na “siku tatu” ni tatizo linalotibika. Ila litatibika kwa ushahidi, na ushahidi mwingine uko kwenye simu ya dada yako. Kabla hujamaliza kusoma barua hii, mpigie umwambie asifute zile sauti za Oktoba 2024 wala asibadilishe simu bila kuzihifadhi.

Jeraha lako madaktari wa Marekani wanaliita SIRVA. Chini ya kile kifupa kinachochomoza kwenye kilele cha bega kuna kifuko chembamba cha ute kinachozuia kano zisisagane na mfupa. Sindano ya chanjo inatakiwa kuingia kwenye nyama nene ya msuli, upana wa vidole viwili hadi vitatu chini ya kifupa hicho. Ikipita juu ya hapo, dawa inaweza kumwagika kwenye kifuko au kwenye kano. Kazi ya chanjo ni kuamsha kinga ya mwili. Ikiamka ndani ya kifuko cha bega badala ya kwenye msuli, huwaka moto usiozimika kwa siku mbili kama yale maumivu ya kawaida ya sindano. Kuvuta ukosi chini badala ya kuvua mkono wa nguo, na mchomaji kusimama huku mchomwaji amekaa, ndizo njia mbili zinazojulikana sana za sindano kwenda juu mno. Wewe ulipata zote mbili. Hilo liandike kwenye maelezo yako kama ulivyotuandikia sisi, neno kwa neno. Kosa ni la mahali sindano ilipoingia, si la chanjo yenyewe, kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kudai ni kuwa adui wa chanjo.

Fidia unayoisikia inatokana na sheria ya mwaka 1986, na mpango wenyewe, VICP, ulianza kazi tarehe 1 Oktoba 1988. Fedha hazitoki kwa duka wala kwa serikali ya Ohio. Kila dozi ya chanjo iliyomo kwenye mpango hutozwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga, na kodi hiyo huingia kwenye mfuko maalumu wa kulipa watu kama wewe. Kwa hiyo shemeji yako mjibu kwa upole: sheria haikuruhusu kumshtaki mchomaji au mtengenezaji kwa madai yanayozidi dola 1,000 kabla hujapita kwenye mpango huu. Na ukiupitia, huna haja ya kuthibitisha uzembe wa mtu. Anayeshtakiwa kwenye karatasi ni Waziri wa Afya wa Marekani, anayetetewa na mawakili wa Wizara ya Sheria, na shauri linafunguliwa katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho iliyoko Washington. Mashauri ya chanjo huamuliwa na mahakimu maalumu wanane wa mahakama hiyo. Yule kijana wa duka la dawa hataitwa kizimbani.

Uraia hauulizwi. Kinachoulizwa ni kama chanjo ilichomwa Marekani na kama imo kwenye orodha. Ya mafua ya msimu imo, pamoja na pepopunda, homa ya ini A na B, surua, HPV na nyinginezo wanazochanjwa watoto. Ya mkanda wa jeshi haimo. Ya KOVIDI nayo haimo, tutaifikia.

SIRVA iliingizwa kwenye jedwali la majeraha tarehe 21 Machi 2017. Faida ya jedwali ni hii: ukitimiza masharti yake, sheria inachukulia kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha, na mzigo wa kukanusha unahamia kwa serikali. Masharti ni manne. Bega hilo lisiwe na historia ya maumivu au ugonjwa unaoweza kueleza hali ya sasa. Maumivu yaanze ndani ya saa 48 baada ya sindano. Maumivu na kukakamaa viwe kwenye bega lililochomwa tu. Na pasiwe na sababu nyingine inayoeleza dalili, kama mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Juu ya hayo, athari ziwe zimedumu zaidi ya miezi sita, au uwe umelazwa na kupasuliwa.

Sasa tuje kwenye siku tatu. Wewe ulichomwa Ijumaa saa kumi jioni, kwa hiyo saa 48 ziliisha Jumapili saa kumi jioni. Kwa Kiswahili, Ijumaa ni siku ya kwanza, Jumamosi ya pili, Jumapili ni siku ya tatu, ulisema sawasawa. Mkalimani akageuza “siku ya tatu” kuwa “baada ya siku tatu”, nayo kwa msomaji wa Kiingereza ni Jumatatu, nje ya muda. Neno dogo la namna hiyo linaweza kulitoa dai kwenye jedwali.

Lakini angalia pia ulichokuwa unakisema. Siku ya tatu ulishindwa kunyanyua mkono. Maumivu yalianza Ijumaa usiku. Sharti la saa 48 linahusu kuanza kwa maumivu. Kukakamaa kunaweza kuja baadaye, na mara nyingi ndivyo kunavyokuja. Hayo mambo mawili usiyachanganye tena mbele ya daktari yeyote. Mwambie: yalianza kuuma Ijumaa tarehe 4 Oktoba usiku, na yalizidi hadi Jumapili tarehe 6 mkono ukagoma. Taja tarehe. Achana na “juzi”, “siku ya tatu” na “kama wiki hivi”.

Na saa pia. Ukisema yalianza saa tatu usiku, mkalimani aliyechoka anaweza kuandika saa tisa za usiku, kwa sababu kwa Kiingereza tatu ni tatu. Sema “saa tatu usiku, yaani tisa ya Kiingereza, kabla sijalala”. Vilevile neno mkono. Kwetu mkono unaanzia begani hadi kwenye vidole, kwao kuna neno la kiganja na neno la sehemu ya juu, na bega lina lake. Tumeona mafaili ya Waswahili yanayosema kiganja kinauma, ilhali mgonjwa alikuwa na SIRVA. Sema bega, na uliguse kwa kidole ili daktari aone. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, na una haki ya kumwomba asome tena kile alichotafsiri. Tafadhali usimtumie mtoto wako kwa kazi hii.

Je, la Desemba linarekebishika? Sheria yenyewe inaruhusu hakimu maalumu kukubali kwamba dalili zilianza ndani ya muda hata kama faili halikuandika hivyo, au liliandika kimakosa. Kizuizi ni kwamba hawezi kukupa ushindi kwa maneno yako peke yako. Lazima yaungwe mkono na rekodi za tiba au maoni ya daktari. Wewe tayari una faili la Januari linalosema “tangu siku ya chanjo”. Hilo ni zito, kwa sababu liliandikwa kwa ajili ya matibabu, kabla hujawaza fidia. Ongeza sauti ya WhatsApp yenye tarehe, iandikwe kwa Kiswahili na kutafsiriwa kwa Kiingereza, mtafsiri akitia saini kwamba tafsiri ni sahihi. Ongeza maelezo ya dada yako na ya mfanyakazi mwenzako aliyekuona Jumatatu, yakiwa na saini na tamko kwamba ni ya kweli chini ya adhabu ya kusema uongo. Kila mmoja aeleze alichokiona kwa macho: hakuweza kuvaa koti, alitandika kitanda kwa mkono mmoja. Wasijaribu kuandika kama madaktari.

Unaweza pia kuomba kliniki iongeze marekebisho kwenye faili. Sheria ya faragha ya afya inakupa haki hiyo. Usiombe wafute kitu. Omba waongeze maelezo kwamba kulikuwa na tatizo la ukalimani, na utambue kwamba marekebisho yaliyofanywa wakati wa kudai hayana uzito wa yale ya mwanzo. Kwa hiyo usiyategemee peke yake.

Ile ziara ya Novemba wakili wa serikali ataishika: ulikuwa mbele ya daktari na hukusema bega. Eleza ukweli uliokuwepo: ulikwenda kwa presha, ulipewa dakika chache, ulidhani bega litapona lenyewe. Mahakama ya rufaa ilishasema mwaka 2021, katika shauri la Kirby, kwamba faili kunyamaza kuhusu dalili si lazima kumaanishe dalili haikuwepo.

Pengo lako la pili linatutia wasiwasi zaidi. Miezi sita kutoka 4 Oktoba 2024 inaishia 4 Aprili 2025. Mazoezi yako yaliisha mwisho wa Machi, siku chache tu kabla ya mstari, kisha kimya hadi Septemba. Serikali inaweza kusema ulipona Machi na la Septemba ni jipya. Kinachokuokoa ni karatasi ya mwisho ya fiziotherapia. Itafute leo. Mara nyingi huwa na digrii za mzunguko wa bega: bega zima hunyanyuka pembeni hadi kama digrii 180, na kama lako liliandikwa 110 siku ya mwisho, hakuna atakayesema ulikuwa umepona. Tafuta pia barua ya bima ya kukataa kuendelea, maana inaonyesha uliacha kwa sababu ya fedha. Na faili la Septemba liwe linasema ni bega lilelile, maumivu yaleyale. Kama halisemi, mwulize daktari wako kwenye ziara ijayo kama kwa maoni yake ni tatizo moja linaloendelea, naye akikubali aliandike.

Sukari usiifiche. Bega kuganda huwapata zaidi wenye kisukari, na wapinzani wako watalisoma hilo kwenye vipimo vyako hata usipolitaja. Lakini sukari haichagui bega la kushoto, Ijumaa usiku, saa chache baada ya sindano. Mtaalamu wa mifupa akiandika sentensi mbili kuhusu kwa nini anaona chanzo ni sindano, umefunga mlango huo kwa sehemu kubwa.

Rekodi za kuomba: ile ya chanjo kutoka duka la dawa, ikionyesha tarehe, aina ya chanjo na mkono uliochomwa, mafaili yote tangu chanjo hadi leo, na ya miaka mitatu kabla ya chanjo, kuthibitisha bega lilikuwa zima. Mtoa huduma ana siku 30 za kukupa faili lako. Soma ya duka kwa makini. Mifumo mingine hujaza upande wa mkono yenyewe, na watu wengi waliochomwa kushoto hukuta kumeandikwa kulia. Ukikuta hivyo usiogope, mpe wakili ajue mapema. Tarehe pia: 10/04/2024 kwenye kadi ya Marekani ni tarehe 4 Oktoba, si 10 Aprili. Ndugu wakikusaidia kutafsiri karatasi, walijue hilo.

Muda wa kufungua ni miaka mitatu tangu dalili ya kwanza. Si tangu MRI, si tangu ulipojua jina la ugonjwa. Kwako mwisho ni tarehe 4 Oktoba 2027. Lakini usiisubiri, kwa sababu kukusanya mafaili peke yake kunaweza kula miezi, na wakili mwangalifu hapendi kupokea shauri lililobaki wiki sita. Kutoa taarifa kwenye VAERS, ule mfumo wa kuripoti madhara ya chanjo, hakusimamishi saa. Ile ni taarifa, si dai.

Yule wa theluthi mwambie ahsante. Katika VICP wakili haruhusiwi kukata asilimia kwenye fidia yako wala kukutoza ada pembeni. Mahakama humlipa yeye kwa fungu lake, na hata ukishindwa anaweza kulipwa, mradi dai lilifunguliwa kwa nia njema na lilikuwa na msingi. Anayetaka asilimia ama hajui mpango huu au si wakili. Mahakama yenyewe ina orodha ya mawakili wa mashauri ya chanjo kwenye tovuti yake, na wakili wako si lazima awe Ohio. Mwulize ameshughulikia SIRVA ngapi, na kama ana mkalimani wa Kiswahili. Unaweza kujisimamia mwenyewe kwa kulipa ada ya kufungua ya dola 400 na ushei, lakini kwa faili lenye “siku tatu” ndani yake tusingekushauri.

Likishafunguliwa, shauri hukaguliwa kama nyaraka zimetimia, kisha madaktari wa serikali hulisoma na Wizara ya Sheria hutoa msimamo: inakubali, inataka mpatane, au inapinga. SIRVA nyingi huishia kwenye mapatano kwa karatasi, bila wewe kusafiri. Jiandae kwa miaka miwili au zaidi. Kinacholipwa ni gharama za tiba ambazo hakuna mwingine aliyezilipa, mshahara uliopotea, na maumivu, ambayo kikomo chake kisheria ni dola 250,000. Mtu asikutajie kikomo hicho kama bei: kwa bega ambalo halijapasuliwa, malipo ya maumivu kwa kawaida ni makumi ya maelfu ya dola. Weka hati za mshahara na orodha ya siku ulizokosa kazi. Kama Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, ililipia tiba yako, jimbo linaweza kudai lirudishiwe, kwa hiyo mwambie wakili tangu mwanzo. Jambo moja watu hulijua wamechelewa: uamuzi huchapishwa wazi na jina lako. Una siku 14 za kuomba taarifa fulani zifichwe.

Kama chanjo ile ilikuwa sharti la mwajiri wako, mwulize pia wakili kuhusu fidia ya wafanyakazi ya Ohio, ambayo ina taratibu na muda wake tofauti.

Kuhusu mume wako, tunasikitika. Chanjo ya KOVIDI iko chini ya mpango mwingine, CICP, na huko muda wa kudai ni mwaka mmoja tangu siku ya kuchomwa. Kwake uliisha Oktoba 2025. Mpango ule hata hivyo haulipi maumivu wala wakili. Aangalie kadi yake leo kabla ya kukata tamaa: kama siku ile alichomwa na ya mafua pia, kwenye bega lilelile linalomsumbua, ana dai lake mwenyewe VICP, na muda wake ni miaka mitatu kama wako. Dai lake litakuwa gumu kidogo, kwa sababu itabidi aeleze kwa nini ni ile sindano na si nyingine. Kama hakuchomwa, aende atibiwe. Mazoezi ya mapema husaidia bega lisigande, na asingoje miezi miwili kama ulivyongoja wewe.